Pando la Mkono wa Kushoto

Nilipoishia nilikuwa jikoni, simu sikioni, na mama mkwe kasimama mlangoni na sufuria ya maziwa mikononi. Wewe unayeanza leo nitakupa kwa ufupi, maana wenzako wameshachoka kunisubiri.

Mimi ni Naomi, mtoto wa Mikumi, niliyeolewa Kilosa kwa Wasukuma wafugaji. Mwanangu Malimi alizaliwa kwa kisu na nusura tuzikwe wote wawili. Nesi akasema nipumzike kuzaa mpaka mwili urudi. Mume wangu Seni akakubali. Tukaenda naye Mikumi, kwenye kituo cha afya kinachotazamana na mgahawa wa dada yangu Ida, nikawekewa kijiti cha uzazi wa mpango, mkono wa kushoto, upande wa ndani. Nesi Agness alipokuwa akichoma sindano ya ganzi, Seni ndiye aliyenishika mkono wa pili.

Na ni Seni huyo huyo aliyesema tulipotoka pale, "Hili mayu asilijue, wala kwamba nilikusindikiza." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na ndivyo ninavyomwita mama yake.

Baadaye damu ikavurugika. Nesi alishaniambia kabla hajanigusa kwamba inaweza kutokea, kwamba wengine inakata kabisa na wengine inakuja ovyo, kwamba huo si ugonjwa lakini ikizidi nirudi. Kwangu ikazidi. Nikawa natembea na vitambaa, nikiinama nasikia kizunguzungu. Ndipo nikampigia.

"Nesi Agness, tangu uniwekee kile kipandikizi damu haikatiki."

Kipandikizi. Ningeweza kusema kijiti kama watu wote. Lakini kipandikizi ndilo neno lililoko kwenye bango la kituoni, na mimi nikiongea na manesi napenda waone nimesoma. Haya, kisomo changu kikanifikisha hapa.

"Umewekewa nini?" Mayu akauliza.

"Hakuna kitu, Mayu." Nikakata simu.

"Nimesikia, Mama Malimi. Umesema umepandikiziwa."

Nikasubiri matusi. Badala yake akaweka sufuria chini, akakaa kwenye kigoda, akaanza kulia.

"Mwanangu, kwa nini umeteseka peke yako? Unadhani sioni vitambaa unavyoanika nyuma ya banda? Nikasema moyoni, huyu mtoto ana jambo. Kumbe wamekupandikizia kitu mwilini."

Hapo ndipo nikaelewa ameelewa nini. Kanisani kwake, mtu akipandikiziwa kitu basi amerogwa. Kuna mkono wa adui umeweka pando ndani yake, na pando lazima ling'olewe kwa maombi. Neno la bangoni na neno la kanisani yalikuwa yamekutana jikoni kwangu.

"Ulikuwa Mikumi," akaendelea, akijifuta macho na khanga. "Ulikwenda mzima, ukarudi unavuja. Ulilala kwa nani?"

"Kwa dada Ida, lakini Mayu..."

"Basi. Usiseme zaidi. Inaniuma kusikia."

Wapo mlionitumia meseji mkaniuliza kwa nini sikusema ukweli pale pale. Dada wa Magole aliyeniita bubu, nimekusoma. Sasa sikia. Nilifungua mdomo kabisa. Nilikuwa nimeshasema, "Mayu, hicho ni kijiti cha..." na Seni akaingia kutoka zizini.

"Kuna nini hapa?"

"Mkeo kawekewa kitu mwilini," Mayu akamwambia. "Huko huko Mikumi. Wewe mume wake, ulikuwa unajua lolote?"

Nikamtazama mume wangu. Nilitaka sentensi moja tu kutoka kwake. Amezaliwa na huyu mama, kosa lake lingesameheka kabla maziwa hayajachemka.

Seni akajipangusa mikono kwenye suruali. "Sijui chochote, Mayu."

Nikafunga mdomo wangu, kwa sababu sasa ukweli wangu ulikuwa unamfanya yeye mwongo mbele ya mama yake, na Msukuma mzaliwa wa kwanza haaibishwi hivyo na mwanamke wa kuja. Ndivyo nilivyowaza. Mnicheke tu.

Nikamfuata nyuma ya zizi.

"Seni, wewe si ndiye uliyenishika mkono?"

"Punguza sauti."

"Nijibu kwanza."

"Mama Malimi, baba akisikia nimekubali mke wangu afunge uzazi na nyumba ina mtoto mmoja, nitamtazama vipi? Mayu anahesabu wajukuu kila akipiga magoti. Acha ipoe. Nesi kasemaje?"

"Kasema niende. Anipime wingi wa damu, aone kama kuna dawa ya kunituliza. Na kama sikitaki tena, anitolee. Amesema kukitoa ni haki yangu siku yoyote nikisema."

"Basi tutakwenda. Kimya kimya. Nipe muda."

Muda wenyewe sikupewa. Nilipoingia ndani Mayu alikuwa ameshika simu yangu.

"Hii itakaa kwangu. Siku hizi wanapitia hata kwenye simu. Na Mikumi hakanyagi mtu wa nyumba hii mpaka nitakaposema mimi."

Mtasema Kilosa nayo ina hospitali. Ninayo akilini, njia yake naijua. Lakini kuanzia siku ile Mayu hakuniacha. Nikienda bombani yupo. Nikienda chooni yupo nje anaimba pambio. Nikasema nampeleka Malimi kliniki akapimwe uzito, akambeba yeye mgongoni. "Wewe pumzika, mwanangu, damu hiyo inakumaliza." Akawa ananipikia uji wa ulezi. Akawa ananifulia vile vitambaa kwa mikono yake, mama mtu mzima, na hakuna siku aliyokunja uso.

Mama mkwe mkali ningempambania. Huyu wa kunifulia damu alinishinda.

Kitu kimoja nilikuwa nacho. Kila asubuhi nikioga nilikipapasa kijiti changu. Nesi Agness alinifundisha siku ile ile, akanishika kidole akakipitisha juu ya ngozi. "Kisikie. Hapa ndipo kinapokaa. Ukikipapasa siku yoyote ukakikosa, usingoje, njoo siku hiyo hiyo, na usikitegemee kukukinga mpaka tukijue kilipo. Na asije mtu akakikamua wala akakitafuta kwa wembe. Kwenye mkono huu inapita mishipa." Kwa hiyo nilikipapasa, nakisikia, chembamba na kigumu, najiambia angalau kipo mahali pake.

Siku moja Mayu akaingia na habari njema.

"Jiandae. Tunakwenda kwa Mtumishi Nickson. Ana mkutano wa maombezi."

"Wapi, Mayu?"

"Mikumi."

Nikadhani masikio yangu yana kasoro. "Si ulisema Mikumi hatukanyagi?"

"Pando linang'olewa pale pale lilipopandwa," akasema. "Nimeuliza. Ndivyo ilivyo."

Wasomaji wangu, sijui niwaeleze vipi furaha niliyoficha. Mikumi ndiko aliko Nesi Agness. Nikaoga haraka, nikavaa gauni la mikono mifupi makusudi, nikamnong'oneza Seni, "Tukifika, nisindikize kituoni dakika chache tu, useme nina kiu, useme chochote."

"Nitaona," Seni akasema. Alikuwa anamvalisha Malimi kofia yake ya njano.

Tukapanda Noah ya kukodi ya waumini. Kutoka Kilosa kwenda Mikumi unapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na watu wa kwetu hawachoki utani wa kwamba wamefika Ulaya bila pasipoti. Mwimbaji mmoja akausema utani huo, gari zima likacheka. Mimi nilikuwa nahesabu vijiji moyoni. Mayu alikuwa amenishika mkono, ule wa kushoto, akiupapasa taratibu kwa upendo wake wote, na kidole gumba chake kikapita pale pale.

Kikasimama hapo. Akapapasa tena.

"Seni," akasema kwa sauti ndogo. "Mkono wa mkeo una kitu."

Seni akatazama dirishani.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja nyuma ya nyumba za kulala wageni, karibu na barabara kuu, malori ya Iringa yanapita na honi zao. Turubai, viti vya plastiki, spika kubwa mbili. Tuliposhuka nikageuza shingo. Kile pale kituo cha afya. Ukuta mweupe, bango la kipandikizi, na mwanamke mwenye gauni jeupe amesimama kibarazani akiongea na mjamzito. Nesi Agness. Ningepaza sauti angenisikia.

"Mayu, nina kiu. Naomba nikanunue maji hapo ng'ambo."

"Maji yapo hapa, yameombewa." Akanipa chupa.

Nikamtazama Seni. Seni akamhamisha Malimi bega la kulia kwenda la kushoto, akasema, "Kunywa hayo tu, Mama Malimi."

Mayu hakusubiri zamu. Akaenda kumwambia mhudumu mmoja, mhudumu akamwambia mwingine, na kabla sijakaa nikawa niko mbele, magoti chini, kina mama watatu wamenizunguka na chupa ya mafuta. Wa kwanza akaushika mkono wangu, akaubonyeza, akashtuka.

"Mtumishi, kipo kweli. Kirefu, kama njiti ya kiberiti."

Watu wakasimama kwenye viti. Mtumishi Nickson, kijana mrefu mwenye sauti iliyokwisha, akaja akagusa kwa kidole. Uso wake ukabadilika, na nadhani alishangaa kukuta kitu kweli.

"Ombeni," akasema.

Wakaomba. Na walipokuwa wakiomba walikuwa wakisugua. Mafuta yanateleza, vidole vinabonyeza, huyu anasukuma juu, huyu anakamua ndani, na kila nikivuta mkono wanasema adui anapinga. Nikasema, "Mnaniumiza." Nikasema, "Kisiguswe." Spika zilikuwa juu kuliko mimi. Nikamwona Mayu kapiga magoti pembeni analia kwa ajili yangu, na hilo likanikata maneno.

Kuna wakati nilihisi kitu kama umeme kikipita kutoka kwapani mpaka kidole kidogo. Mkono ukafa ganzi.

"Hakipo," yule mama wa kwanza akasema.

"Papasa tena."

"Hakipo, Mtumishi. Papasa mwenyewe. Kimeyeyuka."

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, viti vinaanguka, mtu wa kinanda amechachamaa. Mayu akanikumbatia akiniita mwanangu, mwanangu. Nami kichwa kikiwa begani kwake nikapitisha mkono wa kulia katikati yetu, nikaugusa wa kushoto. Nikatafuta pale alipokipitisha kidole changu Nesi Agness. Nikatafuta juu yake. Nikatafuta chini. Nyama tupu, imevimba, ina moto.

Watu mia kadhaa walikuwa wanashangilia kilichotoka, na mimi peke yangu nilijua hakijatoka popote. Hakuna tundu, hakuna jeraha. Kilikuwa kimeingia ndani.

Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa vile tangu siku ya kisu.

Mtumishi akainama sikioni kwangu. Kwa hili namshukuru mpaka leo. Akasema, "Dada, mkono umevimba. Nendeni hospitali mkapime, kisha mje mtoe ushuhuda mkiwa na majibu." Akamgeukia Seni. "Wewe ndiye mume? Kituo kipo hapo ng'ambo. Mpeleke."

Mlango ukafunguka, na mwenye kushika kitasa alikuwa mume wangu.

"Hakuna haja, Mtumishi," Seni akasema. "Sisi tumeamini."

"Amen," Mayu akasema. "Kwenda kupima ni kumjaribu Mungu."

"Seni," nikasema, "vidole havina nguvu."

"Ni upako huo," akanijibu, hanitazami. Kisha kwa sauti ya kunifikia mimi tu: "Nesi akitoka hapo na kadi yako, akanitambua, nimekwisha. Sema umepona, turudi. Nitakupeleka Morogoro wiki ijayo, naapa."

Wiki ijayo. Mayu anasubiri mjukuu kuanzia sasa, kwa sababu pando limetoka na tumbo limefunguliwa. Kijiti hakijulikani kilipo na nesi kasema nisikitegemee. Na Seni ameshanionyesha mara ngapi ahadi zake zinavyokaa.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua.

"Naomi! Nimeambiwa uko huku. Agness yupo zamu, nimemwambia umekuja, anakusubiri."

Dada Ida, na aproni yake, mikono ina unga wa chapati. Amepita katikati ya watu moja kwa moja. Akamwona mama mkwe wangu, akapiga goti kama alivyolelewa.

"Shikamoo mama."

Mayu hakuitikia. Mama huyu huitikia hata shikamoo ya mlevi barabarani. Ida akabaki na goti lake chini, anangoja marahaba, na marahaba haikuja.

"Ndiye huyu," Mayu akasema.

Watu wakageuka. Kelele zikapungua zenyewe. Vijana wawili wahudumu wakasogea wakasimama nyuma ya dada yangu, na mmoja akamshika bega.

"Kuna nini?" Ida akauliza. Akanitazama mimi. Nilimwapisha siku ile asitoe neno kuhusu kijiti, na dada yangu akiapa ameapa. Alikuwa ananiuliza kwa macho kama anaweza kusema.

"Mtumishi," Mayu akasema, "mtoto ataje mwenyewe. Ataje aliyemwekea, ili amalizane naye leo."

Nikawekewa maiki mkononi. Nikaijaribu kwa mkono wa kushoto, ikaponyoka, vidole viwili havikuikamata. Nikaishika kwa wa kulia. Mayu alikuwa ameushika ule mwingine juu ya kiwiko, penye uvimbe.

"Sema hujui," Seni akanong'ona nyuma yangu. "Sema umepona, basi, tuondoke."

Nikafikiria kurudi Kilosa na mkono huu. Nikamtazama Ida na goti lake lenye vumbi.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema.

"Amen."

"Aliyeniwekea hiki kitu hakuniwekea gizani. Aliniwekea mchana, kwa sindano ya ganzi, na nilimwomba mwenyewe. Kinaitwa kijiti. Ni cha uzazi wa mpango. Dada yangu hana kosa, na mkono wake haukukigusa."

Wale kina mama watatu wakatazama vidole vyao vya mafuta.

"Na hakijatoka," nikaendelea. "Kimezama. Nataka kwenda kituoni sasa hivi, kabla sijapoteza mkono."

Ida akainuka. Mtumishi akawaashiria vijana wamwachie. Lakini vidole vya Mayu vilizidi kukaza kwenye uvimbe wangu, nikauma meno.

"Ulimwomba mwenyewe?"

"Ndiyo, Mayu."

"Ukanyamaza, nikawa nakufulia?"

"Ndiyo, Mayu."

"Ulikuwa peke yako?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelibeba tangu jikoni. Sikutaka kumjibu kwa mdomo. Nikaona haki ya Seni ni ajibu mwenyewe, na nikageuka nimwone.

Nyuma yangu palikuwa na viti vya plastiki vilivyoanguka na chupa ya mafuta.

Nikatazama mbali zaidi. Kulia, Nesi Agness alikuwa ameshatoka kibarazani, amesimama ukingoni mwa barabara anajikinga jua kwa kiganja, anatafuta nafasi ya kuvuka kuja kwangu. Kushoto, ile Noah ya waumini ilikuwa inarudi nyuma kutoka kivulini, ikageuza pua kuelekea Ulaya. Kwenye dirisha la mbele, juu ya mkono wa mwanamume, niliiona kofia ya njano.

Nikavuta mkono kwa nguvu zote. Mayu hakuuachia. Alikuwa hajageuka, hajaona gari, ananitazama mimi tu, na macho yake hayakuwa na machozi tena.

"Nimekuuliza ulikuwa peke yako, Naomi?"

Tangu nimzae yule mtoto alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa Mama Malimi, au mwanangu.